Jinsi ya Kuoanisha Nasaba na Tarehe za Koo za Kitawala katika Mchezo wa Kuigiza Wahusika

"Kijana, huyu mama alizaa akiwa na miaka tisa?" Swali hilo lilitoka kwa mwalimu mstaafu wa kikundi chetu cha mchezo wa kuigiza wahusika, ambamo msimulizi hueleza hadithi na kila mchezaji huigiza mhusika wake, jioni moja ya Jumamosi hapa Kisumu, akiwa ameshika daftari la kijani mkono mmoja na daftari jeusi mkono wa pili. La kijani lilisema kwamba Malkia Ishara wa ukoo wa Sendaro alizaliwa mwaka wa 412. Jeusi lilisema kwamba mwanawe wa kwanza, Keroma, alizaliwa mwaka wa 421. Dadu zikawekwa chini. Nchi yetu ya kubuni, ambayo tuliipa jina la Darumi, ilikuwa imesimuliwa kwa miaka minne na wasimulizi watatu waliopokezana zamu, kila mmoja na daftari lake, na hapakuwa na yeyote aliyewahi kuyafungua madaftari hayo kwa pamoja.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningeufuata kama kazi ile ingeanza leo, si ule tulioufuata wakati ule. Wakati ule tulianza kwa kufuta, na ilituchukua majuma kadhaa kuyarudisha tuliyoyafuta, kwa sababu sehemu kubwa ya yale tuliyoyaita makosa haikuwa makosa hata kidogo: ilikuwa kalenda mbili, au jina moja lililobebwa na watu wawili, au sheria ya urithi ambayo hatukuwa tumeiuliza.

Hatua ya 1: Kusanya madai yote kabla ya kusahihisha lolote

Kata karatasi za manila vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha uandike dai moja tu kwenye kila kipande. Neno "moja" lichukuliwe kwa uzito wake. Sentensi isemayo kwamba Teremu wa ukoo wa Halwari alimwoa Ishara mwaka wa 418 ina madai mawili, yaani kwamba ndoa ilikuwapo na kwamba ilifungwa mwaka wa 418, nayo yaandikwe kwenye kadi mbili, kwa kuwa la pili linaweza kuanguka huku la kwanza likibaki limesimama. Chini ya kila dai andika lilikotoka: daftari gani, ukurasa upi, nani aliyeliandika, na kama lilisemwa kwa mdomo, lilisemwa katika kikao kipi.

Kazi hii inachosha, na vishawishi vya kurekebisha jambo dogo hapa na pale vitakuwa vingi. Usirekebishe. Kadi mbili zinazopingana zibanwe pamoja kwa klipu, na muendelee.

Hatua ya 2: Zipe kadi uzito

Kilichotendeka mezani mbele ya wachezaji wote kina uzito kuliko kingine chochote, hata kama hakuna aliyekiandika vizuri. Kinachofuata ni kile ambacho mchezaji aliahidiwa kuhusu mhusika wake, kwa mfano kwamba alizaliwa usiku wa mafuriko, maana mchezaji huyo amejenga mambo mengi juu ya ahadi hiyo. Baada ya hapo huja maandishi ambayo wachezaji waliyasoma, kisha maandishi ambayo msimulizi peke yake ndiye aliyeyaona. La mwisho ni lile ambalo msimulizi "alikuwa nalo kichwani". Najua hili la mwisho huwaudhi wasimulizi, nami ni mmoja wao, lakini jambo ambalo halikuwahi kutoka kichwani halijamfikia mtu, na kulibadilisha hakumnyang'anyi mtu kitu.

Hatua ya 3: Oanisha kalenda kabla ya kugusa tarehe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningependa msomaji akae hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Tarehe haina maana mpaka ijulikane imehesabiwa kuanzia wapi na mwaka wake unaanza lini. Dunia yetu wenyewe inatoa ushahidi wa kutosha. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza alikatwa kichwa Januari 30, 1649, lakini hati za London za wakati ule ziliandika 1648, kwa sababu mwaka wa Uingereza ulikuwa ukianza Machi 25. Uskoti, iliyomo katika kisiwa hicho hicho, ilikuwa imeanza kuhesabu mwaka kuanzia Januari 1 tangu mwaka wa 1600. Watu wawili wenye elimu, mmoja London na mwingine Edinburgh, wangeandika miaka miwili tofauti kuhusu asubuhi moja, na wote wawili wangekuwa sahihi. Mwanawe, Charles wa Pili, alirudi kwenye kiti mwaka wa 1660, lakini hati za utawala wake ziliihesabu miaka yake kuanzia siku baba yake alipouawa, kana kwamba ile miaka 11 bila mfalme haikuwahi kupita. Iwapo ufalme wa kweli ulikuwa na hesabu za namna hiyo, ufalme wa kubuni hauna sababu ya kuwa na hesabu moja iliyonyooka.

Ili kujua kama koo mbili zina kalenda mbili, tafuta matukio ambayo zote mbili ziliyashuhudia. Vita, mafuriko, njaa na kupatwa kwa jua hufaa kuliko harusi, kwa sababu harusi ni jambo la nyumba moja au mbili. Wanahistoria wa maeneo ya Maziwa Makuu wamefanya vivyo hivyo: mapokeo ya Uganda yanasimulia jeshi la Bunyoro lililokimbia na kuacha ng'ombe nyuma pale Biharwe, karibu na Mbarara, baada ya jua kufunikwa mchana, na kupatwa huko kumehusishwa na Aprili 17, 1520. Tarehe hiyo moja imetumika kama kigingi cha kufungia nasaba za falme jirani ambazo hazikuwa na maandishi.

Katika Darumi vigingi vyetu vilikuwa vitatu. Tuziite tarehe za Sendaro, zilizo katika daftari la kijani, S, na za Halwari, zilizo katika daftari jeusi, H. Vita vya Kivuko viliandikwa S 449 na H 437, tofauti ya miaka 12. Harusi ya Ishara na Teremu, ambayo kwa bahati nzuri iliandikwa na pande zote mbili, ilikuwa S 430 na H 418, tofauti ya 12 tena. Tukashangilia. Kisha yakaja Mafuriko Makuu, S 403 na H 392, na tofauti ikawa 11.

Mwenzetu mmoja alitaka kuyasogeza mafuriko kwa mwaka mmoja ili hesabu itulie. Tungefanya hivyo tungeharibu, kwa kuwa mmoja wa wachezaji alikuwa na mhusika mzee aliyezaliwa usiku ule. Dawa ilikuwa kuuliza majira. Daftari la kijani lilitaja mahali fulani kwamba mwaka wa Sendaro huanza baada ya mavuno, na jeusi lilitaja kwamba watu wa Halwari, ambao ni watu wa ziwani, huanza mwaka masika yanapoingia. Basi kuanzia mavuno hadi masika tofauti ya kalenda hizo ni miaka 12. Masika yakiingia, Halwari huongeza mwaka huku Sendaro ikingoja mavuno, na tofauti hushuka hadi 11. Vita vilipiganwa kiangazi kabla ya mvua na harusi ilifuata mavuno, kwa hiyo 12. Mafuriko yalikuwa ya masika, kwa hiyo 11. Kadi zote tatu zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Sasa mrudie Keroma. H 421 ni S 432 ikiwa alizaliwa kati ya masika na mavuno, au S 433 ikiwa alizaliwa baada ya mavuno. Mama yake, aliyezaliwa S 412, alikuwa na miaka 20 au 21. Mwalimu aliridhika, ingawa aliongeza kwamba kwa msomaji wa Kiswahili jambo hili halikupaswa kuwa gumu, kwa kuwa saa mbili yetu si saa mbili ya mzungu na hakuna anayechelewa kazini kwa sababu hiyo.

Chora jedwali la safu mbili, kalenda moja kila safu, na mistari ya majira ikikatiza katikati, kisha uibandike ukutani. Tangu hapo kila kadi iandikwe kwa kalenda ya asili yake, na tafsiri yake iandikwe pembeni kwa rangi nyingine. Msitupe tarehe ya asili kamwe.

Hatua ya 4: Tenganisha watu wanaobeba jina moja

Mtu aliyekulia Nyanza, Magharibi au Nakuru hahitaji kuelezwa sana kwamba jina hurudi. Mtoto huitwa jina la babu, na Otieno wa leo anaweza kuwa na babu aitwaye Otieno na baba mdogo aitwaye Otieno, ikiwa wote walizaliwa usiku, maana ndicho jina hilo la Kijaluo linachosema. Vyeo navyo hujifanya majina: Nabongo ni cheo cha mtawala wa Wawanga, na Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka wa 1949, ni mmoja tu kati ya waliokibeba. Kwa makabaila wa Ulaya hali ni hiyo hiyo. Edmund Mortimer aliyeshirikiana na waasi wa Wales na kufariki mwaka wa 1409 alikuwa baba mdogo wa Edmund Mortimer mwingine, aliyekuwa na madai ya kiti cha Uingereza na kufariki mwaka wa 1425; waandishi wa zamani waliwachanganya wawili hao wakawa mtu mmoja.

Mpe kila mtu namba isiyobadilika. Jina, cheo na lakabu viandikwe chini ya namba hiyo, pamoja na mwaka ambao kila kimoja kilianza kutumika. Klipu yetu ya pili kwa ukubwa ilihusu kifo cha Ishara: daftari la kijani lilimzika S 447, ilhali wachezaji wote sita walimwona kwa macho yao kwenye kilima cha Kivuko S 449, akiwa juu ya farasi, na mmoja wao alimshikia hatamu. Kwa uzito wa Hatua ya 2, kilima kilishinda. Lakini kabla ya kuichana kadi ya 447 tulizipitia kadi zote zenye jina hilo, tukakuta Ishara watatu, na mmoja wao alikuwa shangazi wa malkia. Mazishi ya 447 yalikuwa ya shangazi. Yeyote aliyeliandika daftari la kijani (sitamtaja, ila ndiye anayeandika maneno haya) alinakili "Ishara wa Sendaro" bila kuuliza ni yupi.

Hatua ya 5: Uliza sheria ya urithi ya kila ukoo

Kabla ya kusema kwamba mtoto fulani hawezi kuwa wa baba fulani, uliza ukoo huo unamhesabu mtoto kuwa wa nani. Kwa mila ya Wajaluo, mjane akiingia katika ter, yaani akirithiwa na shemeji, watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu, hivyo mtu anaweza kuwa na mwana aliyezaliwa miaka kadhaa baada ya yeye mwenyewe kuzikwa, na nasaba isiwe na kosa lolote. Msomaji anayeijua dunia ya kibayolojia peke yake angekata jina la mtoto huyo.

Teremu aliuawa Kivuko S 449. Daftari jeusi linasema kwamba mwanawe wa mwisho, Melandu, alizaliwa mwaka ambao kwa hesabu ya Sendaro ni S 452. Mara ya kwanza tulimfuta Melandu. Tulipomuuliza aliyeliandika daftari hilo, alisema kwa utulivu kwamba kwa watu wa ziwani ndugu humlelea marehemu nyumba, na kwamba alidhani jambo hilo linajulikana, yeye akiwa mtu wa Siaya. Tulimrudisha Melandu, na tukaandika kanuni yenyewe: Halwari inamtambua, Sendaro haimtambui. Hakikisha kanuni za kila ukoo zimeandikwa angalau kwa sentensi tano: nani hurithi, wanawake wamo au hawamo, mtoto wa nje ya ndoa ana nafasi gani, mapacha huhesabiwaje, na kuasili kunaruhusiwa au la.

Hatua ya 6: Pitisha hesabu za vizazi

Hii ni hesabu ya kawaida na haihitaji maneno mengi. Mama awe na umri unaowezekana kila anapozaa, ndugu wa mama mmoja wasipishane kwa miezi mitatu, na mtu asitie saini mkataba kabla hajazaliwa. Ukiwa na kompyuta, jedwali la Excel litakupa umri wa kila mtu katika kila tukio kwa kutoa namba moja kwenye nyingine. Programu ya bure ya nasaba iitwayo Gramps inafaa kwa kuchora mti wa ukoo, ila inafahamu kalenda za dunia hii, kwa hiyo uiwekee tarehe za kalenda moja tu mliyoichagua.

Linalohitaji uangalifu ni kutochanganya orodha ya watawala na orodha ya vizazi. Ufaransa ilipata wafalme wanne kati ya mwaka 1314 na 1328, nao walikuwa ndugu watatu na mtoto mchanga wa mmoja wao aliyeishi siku tano: watawala wanne, vizazi viwili. Baadaye Louis wa Kumi na Nne alikaa kwenye kiti kuanzia 1643 hadi 1715 na akarithiwa na kitukuu chake, hivyo mrithi mmoja tu akavuka vizazi vitatu. Ukigawanya miaka kwa idadi ya wafalme utapata urefu wa tawala, ambao hauwezi kukupa urefu wa kizazi.

Kwa mstari wa baba kwa mwana, makadirio ya miaka 25 hadi 30 kwa kizazi yanatosha. Daftari jeusi lilitaja mabwana tisa wa Halwari, baba kwa mwana, tangu kujengwa kwa bandari, ambako hesabu ya H inaanzia, hadi Teremu aliyekufa H 437. Gawanya, na utaona kila kizazi kilichukua wastani wa zaidi ya miaka 48, mara tisa mfululizo. Kwa makadirio ya kawaida walipaswa kuwa vizazi 14 hadi 17. Usikimbilie kubuni mabwana saba wapya. Nasaba zinazohifadhiwa kwa mdomo huwa na tabia hii hasa: mwanzilishi hukumbukwa, watu wa karibu hukumbukwa, na wa katikati hukunjwa. Tuliandika "hapa pana majina yaliyosahauliwa" kati ya bwana wa tatu na wa nne, tukaendelea.

Kuna mtego mwingine wa aina hii kwa wanaopenda kutumia marika badala ya miaka. Wabukusu wana marika manane, miongoni mwake Kolongolo, Maina, Chuma na Sawa, na majina hayo huzunguka, kwa hiyo jina la rika hurudi baada ya takriban karne. Kadi inayosema "alikuwa wa rika la Maina" inakupa nafasi katika mzunguko bila kukwambia ni mzunguko upi. Ukiwa na mfumo kama huo katika ulimwengu wako, kila kadi ya rika iambatane na kigingi kimoja cha Hatua ya 3.

Hatua ya 7: Amua yaliyosalia

Klipu zetu 40 na kitu zilibaki nne. Kwa kila moja, andika masuluhisho mawili au matatu, kisha uhesabu ni kadi ngapi zitabadilika kwa kila suluhisho. Chagua lile linalobadilisha chache, isipokuwa linagusa kadi ya uzito wa juu. Mchezaji ambaye mhusika wake ataguswa aambiwe kwanza, faraghani, na awe na haki ya kukataa. Kumtangazia mtu mbele ya meza kwamba babu yake si babu yake ni kumvunjia heshima, hata kama babu mwenyewe ni wa kubuni.

Baadhi ya mikinzano isisuluhishwe. Ikiwa kila upande ungekuwa na sababu ya kusema unachosema, basi huo ni mgogoro wa watu wa Darumi wenyewe, wala wasimulizi hawana haja ya kuumaliza. Melandu ni mfano. Mwingine ni Keroma: binamu yake Bariko alizaliwa mwanzoni mwa S 433, mara tu baada ya mavuno, na kiti cha ziwani ni cha mkubwa kati ya wajukuu. Ikiwa Keroma ni wa masika, yeye ndiye mkubwa. Ikiwa ni wa baada ya mavuno, huenda si yeye. Tungeweza kurusha dadu tukamaliza. Tuliandika badala yake majina ya watu watatu wanaojua ukweli, akiwamo mkunga mmoja aliyestaafu na kuhamia mbali na ziwa, na tukaacha wachezaji wamtafute.

Hatua ya 8: Andika nakala safi na uifunge

Nakala safi iwe na sehemu tatu: watu kwa namba zao, matukio kwa kalenda zote mbili, na maamuzi. Sehemu ya maamuzi ndiyo ambayo vikundi vingi huiacha, na ndiyo itakayokuokoa mwaka ujao mtu atakapouliza kwa nini mazishi ya 447 ni ya shangazi. Kila uamuzi uwe na tarehe yake ya kweli, kadi zilizohusika na sababu kwa sentensi moja. Mweke mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuandika humo. Wengine wapendekeze kwa kadi. Piga picha kurasa zote kwa simu, na nakala moja ikae nyumbani kwa mtu mwingine, kwani daftari letu la kijani lilishawahi kulowa katika matatu siku ya mvua.

Nakala yetu ameiandika Mwalimu kwa mkono wake, kwa wino mweusi, katika kaunta buku ya kurasa nyingi kuliko tunavyohitaji. Mstari wa Keroma peke yake ndio alioandika kwa penseli.